Mjadala: Tamthiliya za Ukimwi tulizosomeshwa, zilitufundisha au zilituhukumu?

Mjukuu wa Muleba (mleta mada)

Wakuu, salaam. Hili jambo nimekaa nalo miaka mingi, leo naliweka mezani. Nipigeni kwa hoja, matusi pelekeni kwingine.

Mwaka 2009, kidato cha tatu, shule ya bweni ambayo sitaitaja. Mimi binti wa miaka kumi na sita. Kipindi cha Kiswahili kimepangwa baada ya makande ya mchana, darasa zima linasinzia. Tunasoma Orodha, ile tamthiliya ya Steve Reynolds. Kwa ambao hawakuipitia: binti anaitwa Furaha anakufa kwa Ukimwi na anaacha barua, na inajulikana kwamba ndani yake mna orodha. Wanaume waliopita kwake matumbo joto. Barua inasomwa, kumbe si orodha ya majina yao, ni ya mambo ambayo yangemwokoa. Mchezo mzuri, sikatai. Mwandishi aliwatega wale wanaume na sisi wasomaji akatutega humo humo.

Basi mwalimu akagawa ubao safu tatu: Chanzo, Athari, Suluhisho. Akauliza, nini kilimfikisha Furaha kaburini? Usingizi ukatuisha. "Umalaya!" "Tamaa!" "Kutosikiliza wazazi!" Mwalimu anacheka, anaandika moja baada ya jingine, na sisi tunanakili. Nilinakili yote. Baba yangu alikufa 1997, mama akamfuata 1999, wote kwa ugonjwa huo huo, na mimi nilikuwa na miaka sita tulipomzika mama. Nikaandika neno "umalaya" kwa mwandiko wangu mzuri, nikalipigia mstari kwa rula, maana mwalimu alisema hoja zote zipigiwe mstari. Mtihani wa mwezi nikapata 17 kwa 20.

Mama yangu alikuwa na mume mmoja tu. Lakini silileti hilo hapa kama utetezi. Nikianza kumtetea kwa uaminifu wake, nimeshakubali kwamba ile mahakama ilikuwa na haki ya kukaa.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wagonjwa watatu wa kwanza kuthibitishwa nchini walipatikana mkoani kwetu Kagera, mwaka 1983. Kabla wataalamu hawajauleta Ukimwi kwa jina lake, watu walikuwa na jina lao: Juliana. Ilikuwa nguo, kitambaa cha fasheni kilichovushwa kwa magendo kutoka Uganda miaka ile baada ya vita vya Amin, maduka yamekauka, sabuni ya kuogea ni ya kuotea. Aliyevaa Juliana alionekana ana fedha. Halafu wakaanza kukonda na kufa wale wale waliokuwa wakivaa, na ugonjwa ukarithi jina la nguo. Upande wa pili wa mpaka, Rakai ya Uganda, waliuita Slim, na wengi waliamini ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao. Tazameni pande zote mbili za mpaka: hadithi ya kwanza kabisa ni ya mali. Mtu amekula asichostahili, sasa analipa. Baadaye wakaja wataalamu na waandishi, nguo ikasahaulika, lakini hadithi ikabaki ile ile, imebadilishiwa bidhaa tu. Amekula starehe, analipa.

Hoja yangu ni hii. Katika maandishi tuliyosomeshwa, mgonjwa haongei akiwa hai. Furaha anaongea kwa barua, ameshakufa. Nani alituandikia mtu anayeugua siku ya Jumanne, akanywa uji nusu kikombe, akauliza kama mbuzi amebadilishwa kamba? Bibi yangu alizika watoto watatu kwenye kibanja kimoja, migomba ikawa inasogezwa. Anasema zamani matanga yalikuwa siku nyingi na hakuna anayeshika jembe. Ilipofika miaka ya tisini wakapunguza, kwa sababu wangefuata mila hakuna ambaye angelima tena. Hilo ni jambo kubwa kuliko "umalaya", na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia nilipigie mstari.

Naomba michango. Zile kazi zilisaidia, au zilitusomesha sisi yatima hukumu ya wazazi wetu kwa sauti?


Kijiwe cha Kahawa

Umeanza vizuri ukaishia kwenye lawama. Ulitaka waandike kwamba Ukimwi unaletwa na mvua? Mimi ni mtu mzima, nakumbuka tulivyokuwa tukiuchezea. Ukimtajia mtu AIDS anakujibu "Acha Iniue Dogodogo Siachi", watu wanagongesha glasi. Watu wa namna hiyo uwaandikie nini, mashairi ya kubembeleza?


Chaki Nyeupe

Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 22. Safu zile tatu nimezichora mara nyingi kuliko saini yangu, kwa hiyo nachukulia mada hii imeniita mimi. Kwanza pole sana, binti yangu. Mwalimu aliyecheka alikosea, na hilo silitetei.

Kazi zenyewe nazitetea. Usizisome kwa macho ya leo. Rais Mkapa alipotangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, Desemba 1999, hakukuwa na kidonge hata kimoja kwa mtu wa kawaida. Dawa za kufubaza zilianza kutolewa bure 2004. Upimaji wa kitaifa wa 2003/04 ulikuta watu 7 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi. Kabla ya dawa, tulikuwa na nini? Mdomo. Wimbo, mchezo wa jukwaani, redio, kitabu. Unayemwita hakimu alikuwa mtu anayepiga kelele nyumba ikiwaka, na mtu wa namna hiyo hachagui maneno.

Na zile kelele zilisaidia. Huko huko kwenu, Bukoba mjini, watafiti walipima mwaka 1987 wakakuta watu wazima 24 katika 100 wana virusi. Waliporudia 1996 walikuta 13. Utasema wengine walikuwa wamekufa, na ni kweli, lakini hata maambukizi mapya yalishuka sana. Hakukuwa na dawa. Watu walibadilika kwa kuambiwa.

Halafu kuna Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza 1993, mara mbili kwa wiki. Wa rika langu hawawezi kumsahau Mkwaju, dereva wa lori, kila kituo ana mwenyewe. Wasiolijua ni hili: kituo cha kurushia cha Dodoma kiliachwa makusudi hadi 1995 kisirushe mchezo huo, kirushe vipindi vingine, ili watafiti walinganishe. Sehemu zilizousikia, watu wengi zaidi walipunguza wapenzi na kuanza kutumia kondomu kuliko Dodoma. Ni mara chache sana fasihi imewahi kupimwa namna hiyo, kama dawa ya shambani, eka hii umepulizia, eka ile umeacha.

Wapo wanaosema fasihi yenye mafunzo si fasihi. Basi tufute ngano zote za bibi zenu, maana fisi huko halali njaa bure, analala njaa kwa sababu ya tamaa. Kilio Chetu, tamthiliya nyingine ya Ukimwi, inawasema wazazi wanaoona haya kuongea na watoto wao. Nionyesheni kosa lake.

Ukitaka kazi inayokaa na mgonjwa, ipo. Ua la Faraja ya William Mkufya, ya mwaka 2004. Wagonjwa mle ndani wanafikiri, wanabishana, wanapenda. Lakini ni nene, na mwanafunzi wa leo ukimpa riwaya nene anakuuliza kama kuna muhtasari kwenye simu.


Msomaji wa Machakos

Nachangia kutoka upande huu wa Namanga. Sisi tulikuwa na yetu. Mwaka wa 1990 Rais Moi mwenyewe alitangazia dunia kwamba Kenya imepata dawa, Kemron. Watu walikuja hadi kutoka ng'ambo. Haikuponya mtu. Nataja hili ili Mwalimu ajue kelele za moto zingine zilipigwa na watu waliokuwa wamebeba petroli.

Lakini nilitaka kusema kuhusu majina. Hapa Ukambani, njaa kubwa ya kati ya 1898 na 1900 inaitwa Ngomanisye, yaani ile iliyofika kila mahali. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe miaka michache kabla, mvua ikakosa, ndui ikaingia juu yake. Jirani zetu Wakikuyu wana rika linaloitwa Mutung'u, ndui. Vijana waliotahiriwa wakati wa ugonjwa wakachukua jina la ugonjwa, na wakatembea nalo hadi uzee, bila aibu. Hakuna anayeuliza mtu wa Mutung'u babake alikosea wapi. Wamaasai nao wana Emutai, maangamizi, wakati ng'ombe na watu walikwisha pamoja. Ni jina la wakati, kila aliyeupitia yumo.

Nisidanganye, kulaumiana kulikuwepo. Wapo waliosema ni reli na wageni wake walioleta mikosi. Lakini ukitazama lililobaki mdomoni baada ya miaka mia, lawama imeanguka njiani na jina limefika. Juliana pia lilikuwa jina la wakati, kama Mutung'u. Naona mngeliacha likue.


Mtoto wa Mkunazini

Hapo kwenye majina, Machakos, mie nakupinga kwa mfano wa kwetu Unguja.

Mwaka 1870 mji wa Zanzibar ulivamiwa na homa ya viungo, mtu anatembea kama anacheza ngoma asiyoijua. Daktari mmoja Mskochi aliyekuwa akiishi mjini, James Christie, akaandika kwamba watu wanaiita kidinga pepo. Na wazee walimwambia si mpya, waliiona zaidi ya miaka arubaini nyuma, 1823, na jina lilikuwa hilo hilo. Wapo wataalamu wa lugha wanaosema neno dengue la wazungu asili yake ni hapo, ingawa wengine wanabisha. Sisi leo tunasema kidingapopo. Hebu fikiri, hakuna kitabu wala magazeti, na neno likamngoja mgonjwa wake karibu miaka hamsini, alipokuja likamjua.

Utasema hiyo ndiyo hoja yako. Ngoja. Mwaka huo huo, yaani kutoka mwisho wa 1869 kuingia 1870, kulikuwa na kipindupindu kilichotoka bara kikashukia Pangani na kuvuka bahari. Maelfu walikufa kisiwani, na walioumia zaidi ni watumwa na mafukara. Tunajua hayo kwa sababu Christie aliandika kitabu kizima, ramani na misafara na kila kitu. Sasa mie nimezaliwa Mkunazini, bibi yangu kazaliwa Mkunazini, na sijapata hata siku moja kusimuliwa mtu mmoja aliyekufa na kipindupindu kile. Neno tunalo, limenona. Mtu hatuna. Tumerithi jina safi lisilo na lawama, na ndani yake hamna mtu wa kumwombea dua.

Kwa hiyo mleta mada, mie nakuunga mkono nusu. Hiyo tamthiliya imemhukumu Furaha, sawa, lakini imempa jina na barua. Wale wa 1870 hawakupata hata wa kuwahukumu.


Kijiwe cha Kahawa

Huyu wa Mkunazini amenifanya kahawa ipoe.


Sista wa Zamu

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo, naingia sasa kwa sababu nyote mnaongea kama Ukimwi ni historia. Mimi niko kliniki ya tiba na matunzo, kadi zinapangwa mbele yangu kila wiki. Upimaji wa 2022/23 ulikuta watu 4.4 katika kila 100 wenye miaka 15 na kuendelea wana virusi. Wamejaa tele, wako kazini, wanaoana, wanazaa watoto wasio na virusi.

Mwalimu, hujamtaja mtu mmoja, na mtu huyo yuko darasani kwako. Amezaliwa na virusi. Ana miaka kumi na mitano, dawa anameza tangu hajui kusoma, alama zake nzuri, anacheza netiboli. Na wewe umegeuka ubaoni unaandika "umalaya" chini ya Chanzo.

Niwaeleze kichupa. Dawa zinakuja kwenye kichupa cha plastiki, na vidonge vikiwa mle ndani vinachakacha ukitembea. Kila mtumiaji anaujua huo mlio. Wanafunzi wa bweni wanafanya hivi: wanabandua karatasi ya jina, wanajaza pamba juu ya vidonge visichakache, kisha wanakifunga ndani ya soksi chini ya sanduku. Saa ya dawa ikifika, kama mabinti wenzake wako macho, anaahirisha. Ukiahirisha mara nyingi, virusi vinapanda, na sisi tunaviona kwenye kipimo kabla yeye hajasema lolote. Nikimkalisha nimuulize kwa nini, hasemi nimesahau. Anasema, "Sista, wakijua watasema mama yangu alikuwa hivi na hivi." Hayo maneno hivi na hivi ndiyo mnayoyasomesha.

Mwingine aliniuliza, "Kwenye vitabu wote wanakufa, mbona mimi bado?" Hakuwa analia. Alikuwa anataka kujua kweli kweli, kama mtu anayeuliza basi limechelewa wapi.

Anayemeza dawa vizuri na virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hili tunalisema kila siku. Nikiingia kwenye rafu ya vitabu vya shule silioni. Na Mwalimu amesema ile hofu ilikuwa kelele za nyumba inayoungua. Nakubali, Mwalimu, wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nilivaa hizo hofu kama sare. Lakini moto umezimwa kiasi, watu wamerudi kulala ndani, na bado mtu amesimama mlangoni anapiga kelele.


Kijiwe cha Kahawa

Sista, ule mchango wangu wa kwanza naomba mfikirie nilikuwa sijanywa kitu.

Mimi ni wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama asubuhi, ikitokea Bukoba huko Kagera, imebakiza kidogo tu ifike bandarini. Mamia ya watu, hesabu kamili mpaka leo watu wanabishana. Wengi wamezikwa Igoma, kuna mnara, na kila Mei viongozi wa dini wanakwenda kuomba. Nimewahi kusimama pale. Sasa nisikilizeni, na msinichukulie nafanya mzaha: hakuna aliyewauliza wale marehemu walikuwa wanakwenda Mwanza kufanya nini. Wapo waliokuwa wanakwenda kuuza ndizi, wapo wa shule, na nina hakika wamo waliokuwa wanakwenda kwa mchepuko. Wote wako Igoma, wote wanaombewa sawa. Meli ilipigiwa kelele kwa kubeba kupita kiasi, abiria hakuambiwa kitu.

Kagera ile ile, miaka ile ile, anayekufa kitandani anaulizwa alitoka wapi.

Labda ni kwa sababu ajali ina tarehe. Watu wamekufa asubuhi moja, taifa zima limesimama, bendera nusu mlingoti. Ugonjwa huu hauna asubuhi. Unakufa wewe leo, jirani mwezi ujao, kila mtu na msiba wake, na penye msiba wa mtu mmoja mmoja ndipo umbea unapoingia. Mngekufa wote siku moja mngepata mnara.


Chaki Nyeupe

Sista, umenipiga na sina pa kushika. Nimejaribu kukumbuka wanafunzi wangu wote waliokuwa wakiomba ruhusa ya kliniki kila mwezi, nikajikuta najua sura zao na nilikuwa sijawahi kujiuliza.

Lakini sijasalimu amri. Mnataka kitabu ambacho hakimkosei mtu yeyote, na kitabu hicho hakifundishiki. Darasa la watoto 70, dakika 40, nitafanya nini kama siyo Chanzo, Athari, Suluhisho? Mtihani unauliza "jadili namna waandishi walivyofaulu kuonyesha madhara ya", na mtoto asiye na safu zile anatoka na sifuri na wazazi wake wananitafuta. Na nyie mnaodai hofu haifai, Bukoba hamjaijibu. Kutoka 24 hadi 13.


Mjukuu wa Muleba

Nawashukuru wote, nilitoka kidogo nikampigia simu Bibi. Nimjibu Mwalimu kwanza.

Kuhusu Bukoba. Mimi ni wa huko, hizo namba zinanihusu, na sizipingi. Ila angalia miaka yako mwenyewe: kati ya 1987 na 1996, mtu wa Bukoba alihitaji kuambiwa na kitabu kwamba Juliana anaua? Bibi anasema kuna wiki moja walizika mara nne, kaburi la nne likachimbwa na wanawake kwa sababu wanaume wenye nguvu walikuwa wameisha au wako kwenye mazishi mengine. Watu walibadilika kwa sababu waliuguza. Waliwaosha, waliwabeba kwenda kujisaidia, waliwalisha kwa kijiko. Aliyebadilika alikuwa amekaa na mgonjwa.

Sasa mchezo wako wa redio. Nilitaka kuukataa, halafu Bibi akaniharibia hoja, maana nilimuuliza kama waliusikiliza. Akacheka. Anasema mama yangu alikuwa mgonjwa wa Twende na Wakati kabla hajawa mgonjwa wa kitu kingine. Siku ya kipindi anatoa redio nje, ile ya betri mbili yenye mfuniko uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, anaiweka juu ya kinu, na hakuna anayeruhusiwa kutwanga. Mkwaju akianza vituko vyake mama anamtukana kwa Kihaya kama yuko naye uani. Tunu, yule mkewe, alipoamua kuanzisha biashara yake na kumwacha, mama alipiga vigelegele. Na anasema hata alipokuwa hawezi tena kuinuka alikuwa anaomba redio isogezwe dirishani.

Kwa hiyo mama yangu alikuwa anasikiliza hadithi ya mtu wa starehe aliyepata Ukimwi, naye akiwa nao, na hakuona anahukumiwa. Nimekaa na hilo usiku kucha. Ninachoona ni kwamba Mkwaju alikuwa anaishi. Miaka, mara mbili kwa wiki, alikula, aligombana, alikopa, alikohoa, mkewe alichoka, watoto wake waliongea. Alikuwa mtu mwenye makosa, na makosa yalikuwa jambo moja kati ya mengi aliyonayo. Hakupewa dakika 40. Na hakuna aliyemwambia mama achore safu tatu kisha amtie Mkwaju kwenye ya kwanza. Alikuwa huru kumtukana Jumatano na kumhurumia Ijumaa.

Hivyo nabadilisha shtaka langu. Naviondoa vitabu kizimbani, au Orodha angalau naitoa, kwa sababu nikiisoma leo naona mwandishi mwenyewe alikataa kutupa majina. Kijiji kilitaka orodha ya wenye makosa, akawanyima. Sisi darasani ndio tuliokwenda kuitengeneza ile ambayo yeye alikataa kuiandika, kwa chaki, na mimi nikaipigia mstari.

Mwalimu, nina ombi moja. Hiyo safu ya kwanza, Chanzo, iache tupu siku moja. Waulize tu: kuanzia alipoanza kuugua hadi alipokufa, nani alimpa maji?

Mkunazini, umesema hamna wa kumwombea dua. Mama yangu aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kaka yangu, naye hayupo. Bibi peke yake ndiye bado anamwita vile.


Sista wa Zamu

Mwalimu ukiuliza swali hilo, andaa na majibu. Wengine watakwambia, mimi.


Chaki Nyeupe

Jumatatu nina kidato cha tatu, vipindi viwili mfululizo, bahati mbaya ni baada ya makande. Nitaliweka kwenye jaribio la mwezi nione wanaandika nini. Mtihani wa taifa sina mamlaka nao.